Miongozo ya Vitabu: Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, njia za kisiwa cha Mombasa hugeuka soko la vitabu. Ukishuka kutoka Mwembe Tayari ukaelekea Digo Road na Markiti, utaviona vimetandazwa juu ya maturubali, ubavuni mwa matunda na viatu vya mitumba: kamusi, atlasi, vitabu vya hisabati, na juu ya vyote hivyo, miongozo. Kuna mwongozo wa riwaya, mwongozo wa tamthilia, mwongozo wa hadithi fupi, na mwongozo wa masomo ambayo hata sisi walimu hatukujua kuwa yanahitaji kuongozwa.

Mwanzoni mwa muhula mmoja wa karibuni nilikuwa nimeinama mbele ya turubali la namna hiyo, nikipekuapekua, niliposikia naitwa. Alikuwa mama mmoja wa Kibokoni ambaye mwanawe mkubwa niliwahi kumfundisha. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani, alinipa karatasi aliyokuja nayo mtoto wake mdogo kutoka shuleni.

"Mwalimu, hebu nitazamie na wewe," akasema. "Nimeandikiwa miongozo mitatu, na riwaya yenyewe mtoto hana. Mkononi nina shilingi elfu mbili, na hapo sijanunua sare. Ninunue kipi, niache kipi?"

Muuzaji hakungoja nijibu. "Mama, riwaya ni ndefu, mtoto atachoka bure. Mwongozo huu una kila kitu: muhtasari, wahusika, maudhui, maswali na majibu yake. Kitabu cha nini tena?"

Nimelifikiria swali la yule mama tangu siku hiyo, kwa kuwa ndilo swali la maelfu ya wazazi wa pwani na bara. Nimelifikiria pia jibu la yule muuzaji, kwa kuwa, tukisema kweli, sisi walimu ndio tuliomfundisha kulisema.

Kabla sijamnyoshea mtu kidole, afadhali nianze na nafsi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanunue mwongozo fulani wa kitabu kilichoteuliwa. Sikuwa nimeusoma. Aliyeuleta shuleni aliniachia nakala moja ya bure, nami nikairidhia kwa jalada lake. Ulipofika mtihani wa majaribio, niliweka swali la dondoo, lile la kawaida la kueleza ni nani aliyesema maneno hayo, alikuwa akimwambia nani, wapi na kwa sababu gani. Karibu darasa zima lilimtaja mhusika ambaye hakuwapo kabisa katika onyesho hilo. Nilidhani wameibiana majibu. Nilipowahoji, walinifungulia mwongozo niliowaagiza mwenyewe, na kosa lilikuwa pale, limepigwa chapa kwa wino mweusi. Waliokosea ni wale waliotii amri yangu. Waliopata walikuwa wachache ambao wazazi wao hawakuwa na fedha za kuununua, wakawa hawana budi ila kuazimana kitabu chenyewe.

Siku hiyo niliona haya, na tangu hapo nimekuwa nikisoma miongozo kwa jicho la mnunuzi wa samaki pale Markiti, ambaye hanunui kabla ya kufunua shavu.

Kosa jingine nililokumbana nalo baadaye lilinichekesha kabla ya kunihuzunisha. Mwandishi wa mwongozo mmoja alikuwa akifafanua methali isemayo mwamba ngoma huvutia kwake. Yeye alieleza kuwa mwamba ni jabali, na kwamba methali hiyo yahusu mtu mwenye nguvu anayewavuta watu kama jabali. Bibi yeyote wa Mji wa Kale angemsahihisha bila ya kuinua macho kutoka kwenye uteo wake. Mwamba hapa ni yule awambaye, yaani anayeitandaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma na kuikaza, na kila anayewamba huivutia ngozi upande wake. Ni methali ya mtu anayejipendelea. Mtoto wa Mvita aliyekuwa na bibi nyumbani alitoa fedha kununua ujinga, ilhali elimu ilikuwa imeketi barazani kwao.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kuwa nasema miongozo yote ni ya kutupwa. La hasha. Mji huuhuu wa Mombasa una deni kubwa kwa mfafanuzi mmoja. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa karne ya 19, alitunga mashairi yake katika zama za mivutano baina ya Mazrui waliotawala Mombasa na Sayyid Said wa Oman. Mengi ya mashairi hayo ni mafumbo. Yalieleweka na watu wa siku zile kwa kuwa walijua ni nani anayepigwa kijembe na kwa jambo gani. Walipokufa watu wale, ufunguo nao ungalikufa pamoja nao. Aliyeuokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyakusanya mashairi na kumweleza W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa, maana na chanzo chake. Kutokana na kazi hiyo ndiko kulikotoka Diwani ya Muyaka iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1940, na kwa sehemu kubwa ndiko ulikopita utafiti wa Mohamed Hassan Abdulaziz juu ya Muyaka, uliotoka mwaka 1979.

Hebu tutazame alichokifanya Mwalimu Sikujua. Hakumwambia msomaji kuwa shairi hili lina beti nne na mada yake ni vita. Hayo msomaji angeyaona mwenyewe. Alimpa kile ambacho hakimo ndani ya shairi na ambacho bila yake kisingepatikana, yaani tukio, mahali, mtu, na maana ya neno lililokwisha kupotea midomoni mwa watu.

Hapo ndipo ninapokipata kipimo changu, nami nakitoa kwa walimu wenzangu na wanafunzi bila ya malipo. Mwongozo unaostahili fedha ni ule unaokupa usichoweza kukipata kwa kukisoma kitabu chenyewe, kisha ukakurudisha kwenye kitabu. Mwongozo unaokupa yale yale yaliyomo kitabuni, kwa maneno machache na mabaya zaidi, umekuuzia kivuli kwa bei ya mti.

Kipimo hicho kwaweza kutumika pale pale njiani, kwa dakika kumi, kabla hujatia mkono mfukoni. Kwanza, mwanafunzi na achague sura moja ya riwaya aliyokwisha kuisoma, kisha aufungue mwongozo mahali panapoieleza sura hiyo. Je, anajifunza jambo jipya? Je, mwandishi amemwelekeza kwenye kurasa na matukio, au ametaja tu kwamba mhusika fulani ni mwenye bidii, mvumilivu na mwenye utu, sifa ambazo zaweza kubandikwa kwa mhusika yeyote wa riwaya yoyote? Sifa isiyokuwa na ushahidi haina alama katika mtihani wala haina faida katika maisha.

Pili, na atafute mahali ambapo mwandishi anakiri kuwa jambo fulani lina maana zaidi ya moja. Fasihi haisemi kwa ulimi mmoja. Mwongozo ambao kila swali lina jibu moja tu, lililokatwa kama mkate wa mofa, haumwandai mtahiniwa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ile ya fasihi, humtaka mtahiniwa ajadili, athibitishe na atetee. Fauka ya hayo, huwa na ushairi ambao mtahiniwa hajapata kuuona, na fasihi simulizi ambayo haina kitabu kimoja kilichoteuliwa. Aliyezoea kumeza majibu atameza nini huko?

Tatu, na atazame ni nani aliyeandika na ni nani aliyechapisha. Mwongozo usiokuwa na jina la mtu, wala anwani ya mchapishaji, wala mwaka wa kuchapishwa, ni kama barua isiyotiwa saini. Ahesabu kurasa pia, kwa kuwa nakala za wizi zimejaa, na aghalabu huruka kurasa au huwa na wino uliofifia. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na ina Bodi ya Hakimiliki, lakini sheria haiwezi kukaa kila penye turubali. Tena asidanganywe na idhini. Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya hukagua vitabu na kutoa orodha ya vilivyoidhinishwa. Riwaya kuwamo katika orodha hiyo hakuna maana kwamba kila mwongozo unaoitaja riwaya hiyo jaladani umekaguliwa.

Niseme sasa juu ya ndugu zake miongozo, yaani vitabu vya maarifa: historia, siasa, maisha ya watu mashuhuri, sayansi. Hivi navyo twaviuziana, na mara nyingi hununuliwa kwa jina la jalada. Kipimo changu hapa ni kimoja: fungua mahali unapopajua. Kila kitabu cha historia ya pwani kitataja Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Hayo yamo karibu katika vitabu vyote. Sasa tazama kinachofuata. Je, mwandishi anajua kuwa Wareno walirudi Mombasa mwaka 1728 na kuishika tena ngome hiyo hadi watu wa mji walipowatoa mwaka 1729? Ikiwa anasema kuwa utawala wao ulikoma moja kwa moja mwaka 1698, basi ujue kuwa amenakili kwa aliyenakili. Mtu aliyeteleza mahali unapopajua, utamwaminije mahali usipopajua?

Mtoto wa Kilindini na aijaribu kwa bandari, wa Nyeri kwa kahawa, wa Kisumu kwa ziwa. Kila mtu ana kipande cha dunia anachokijua kuliko mwandishi wa mbali. Kipande hicho ndicho kijiwe chake cha kupimia dhahabu.

Halafu kuna suala la umri wa kitabu, na hapa ndipo miongozo na vitabu vya maarifa vinapoachana njia. Chukua Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1977. Mnyampala alifariki mwaka 1969 na Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, mwaka 1976. Hakuna kati yao aliyekiona kitabu hicho mkononi. Tangu hapo wataalamu wa isimu na wachimbuaji wa mambo ya kale wameandika mengi juu ya asili ya lugha hii, na yapo ambayo leo yangeelezwa kwa namna nyingine. Lakini kitabu hicho bado chafaa kununuliwa, maana kinatuonyesha jinsi Waswahili wenyewe walivyoisimamia historia ya lugha yao wakati ambapo wengi waliokuwa wakiiandika walikuwa wageni. Kitabu kizuri cha maarifa kikizeeka huwa ushahidi.

Mwongozo ukizeeka huwa karatasi ya kufungia bajia. Miaka ile Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipokuwa ikitahiniwa, miongozo yake ilikuwa ikinunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Ikaja zamu ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na miongozo mipya ikafurika. Leo miongozo ya vitabu vyote viwili haina mnunuzi. Riwaya zenyewe je? Walibora alituacha mwaka 2020, na Kidagaa bado kinasomwa na watu wasiokuwa na mtihani wowote wa kufanya. Mzazi aliyenunua riwaya alimwachia mwanawe kitu nyumbani. Aliyenunua mwongozo peke yake alinunua tikiti ya safari iliyokwisha kupita.

Jambo hili lina uzito zaidi katika kipindi hiki cha kuhama mitaala. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na KCSE yao ni ya mwaka 2027. Miongozo ya vitabu vyao, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, itafuata njia ile ile ya iliyotangulia. Nyuma yao wanakuja watoto wa mtaala wa umilisi, na tayari nimeona vitabu vyenye jalada jipya na matumbo ya zamani. Maneno "mtaala mpya" yamepigwa chapa kwa herufi kubwa nje, na ndani mna maswali yale yale ya kukariri. Mtaala unaodai kumfundisha mtoto kutenda na kufikiri hauwezi kuhudumiwa na kitabu cha kumeza. Mzazi anayenunua sasa na aulize mara mbili.

Najua nitajibiwa, na jibu lina haki yake. Mwalimu mwenzangu wa darasa lenye wanafunzi zaidi ya hamsini ataniambia kuwa nakala za riwaya ni chache, vipindi ni vichache, na kwamba bila ya mwongozo nusu ya darasa haitajua lolote. Mwanafunzi ataniambia kuwa mtihani ndio utakaoamua maisha yake, wala hautamuuliza kama alifurahia kusoma. Siwalaumu. Njaa haina mwalimu wa adabu. Lakini tukiwa na uhaba wa vitabu, dawa ni kuzitumia fedha chache tulizo nazo mahali penye nguvu. Wanafunzi wanne wanaokaa mtaa mmoja wakichanga fedha za miongozo minne, watapata nakala mbili za riwaya na mwongozo mmoja mzuri wa kuzungushiana. Maktaba ya kitaifa iko pale Msanifu Kombo, na mwanafunzi aweza kuketi humo akaupima mwongozo kabla ya kuununua. Baraza la Mitihani nalo hutoa ripoti baada ya KCSE ikieleza maswali yaliyowatatiza watahiniwa na udhaifu uliojitokeza. Shule moja ikiwa na nakala ya ripoti hiyo, na mwalimu akaisoma pamoja na darasa lake, watapata kutoka kwa watahini wenyewe yale ambayo wauza miongozo wanadai kuyajua kwa siri.

Nasi walimu tuna letu la kutenda. Tusiagize kitabu tusichokisoma. Kama tumepewa nakala ya bure, au jambo zaidi ya nakala, basi tuwe na ujasiri wa kumweleza mzazi hivyo, au tukirudishe. Mwalimu anapoandika orodha ya vitabu, kalamu yake inaingia katika mfuko wa mama asiyekuwapo, mama ambaye hatauliza kwa kuwa anaamini kuwa mwalimu ameshauliza kwa niaba yake. Hiyo ni amana. Aliyechapisha mwongozo anawamba ngoma yake, na aliyeutandaza njiani anawamba yake, nao hawana lawama kubwa kwa kuwa kila mmoja anajulikana upande anaovutia. Lawama ni ya mwalimu anayewamba ngoma yake huku akidai kuwa anamvutia mtoto.

Msomaji atataka kujua yule mama wa Kibokoni alinunua nini. Nilimwomba anunue riwaya kwanza, nakala kamili yenye anwani ya mchapishaji, tukaihesabu kurasa pamoja. Miongozo mitatu iliyoandikwa katika karatasi nilimfungulia mmoja mmoja kwenye sura moja tu. Miwili haikuwa na neno ambalo riwaya haikulisema vizuri zaidi. Wa tatu ulikuwa na maelezo ya mbinu za uandishi yaliyonifundisha hata mimi jambo moja, nao nikamwambia aungoje hadi mtoto atakapoimaliza riwaya, akiwa bado anauhitaji. Muuzaji alininunia kidogo, kisha akaniuliza ni wapi hasa palipokuwa pazuri katika huo wa tatu. Nikampasulia ukurasa. Akausoma akiwa amesimama, jua la saa sita likimpiga utosini, na wateja wawili wakamngoja.

Karatasi ya shule niliibakisha mkononi mwangu. Mama aliniuliza atamwambia nini mwalimu atakapoulizwa kuhusu miongozo miwili iliyobaki. Nilimwandikia mwalimu huyo mistari michache ya heshima nyuma ya karatasi hiyo hiyo, nikamwomba asome sura moja tu ya kila mmoja, kisha aamue yeye mwenyewe.